Shangazi, pesa ya Desemba iliingia Januari: nikope au nisikope?

Shangazi, asalaam aleikum.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Bombo, Uganda. Miaka mitatu iliyopita nilianzisha tovuti ya mapishi kwa Kiswahili: pilau, mandazi, sambusa, na vyakula vyetu vya Kinubi kama gurusa na kisra. Dada zangu walioolewa mbali walikuwa wakinipigia simu usiku kuuliza kipimo cha unga, nikaona heri niandike mara moja, kila mtu asome. Baadaye nikaweka matangazo ya AdSense, ile huduma ya Google inayowalipa wenye tovuti, na sente zikaanza kudondoka tone tone.

Kilichonichanganya ni mambo ya mwaka jana. Mwisho wa Oktoba salio langu lilikuwa dola 31. Novemba peke yake ikaingiza dola 64, na sikuwa nimefanya jambo lolote jipya. Nikafurahi, nikamwahidi mama mkwe kwamba likizo ya Desemba nitawaleta wajukuu wake Arua. Nikangoja pesa, haikuja. Nauli ya basi ikapanda kama kawaida yake mwezi huo, na safari ikabidi niikopee. Desemba ikaingiza dola 83, lakini jumla yote niliipata karibu na mwisho wa Januari, nyumba yote ikiwa inazungumzia ada na sare za shule. Na Januari yenyewe mapato yakaanguka mpaka dola 22, ilhali wasomaji hawakupungua sana. Nilidhani nimefanya kosa na sasa naadhibiwa. Nikafuta makala mbili nikiona labda ndizo zenye mkosi.

Sasa Oktoba imefika tena na salio ni kama lile lile. Mwaka huu nataka nijipange. Kikundi chetu cha akina mama cha kuweka akiba kiko tayari kunikopesha shilingi milioni moja na nusu, nirudishe na riba kabla ya tarehe 31 Desemba. Nataka kununua oveni na simu yenye kamera nzuri, nipike keki za sikukuu na kuzipiga picha za kuvutia, halafu mapato ya matangazo yalipe deni.

Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, ndiye anayejua kompyuta hapa nyumbani. Anasema oveni si lazima. Anasema niongeze matangazo kila baada ya mistari miwili, niingie kwenye kundi la WhatsApp ambalo watu hubofyeana matangazo, na kuna kijana anauza wasomaji elfu kumi kwa dola 20. Nikimuuliza mume wangu anasema, "Amua mwenyewe." Na Shangazi, mume akisema amua mwenyewe, unajua maana yake.

Nifanye nini? Na ile Januari, nilikosea wapi?

Mwenye Jiko, Bombo

Wa aleikum salaam, binti yangu.

Waganda wana Ssenga wao, shangazi wa kumfunda binti kabla hajaolewa. Mimi nilipokubali kuandika safu hii nilidhani kazi yangu itakuwa hiyo hiyo. Siku hizi nusu ya barua ni za ndoa na nusu ni za pesa, na za pesa ndizo ndefu. Yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu na karatasi, kwa sababu jibu la mkopo umeliandika mwenyewe bila kujua.

Hebu tuhesabu pamoja. AdSense hailipi mpaka salio lifike dola 100. Mapato ya mwezi hufungwa mwanzoni mwa mwezi unaofuata, kisha malipo hutolewa kati ya tarehe 21 na 26 ya mwezi huo. Mwisho wa Novemba ulikuwa na 31 na 64, jumla 95. Dola tano tu, binti yangu. Ungefikisha 100, pesa ya Novemba ingetoka karibu na Krismasi na pengine ungepanda basi la Arua bila deni. Kwa kuwa hukufikisha, salio lilisubiri Desemba, likawa 178, likalipwa Januari kwa tarehe zile zile. Hakuna aliyekuibia wala kukuadhibu. Kalenda tu ilikuacha stendi.

Sasa tuseme mwaka huu Mungu akujaalie mapato mara mbili. Una salio la 31, Novemba ikuletee 128. Hizo 159 zitalipwa mwishoni mwa Desemba, na dola ikiwa kama shilingi 3,600 utapata shilingi 572,400 kabla benki haijakata yake. Desemba ikuletee 166, ambazo ni shilingi 597,600, lakini hizo utaziona Januari. Yaani hata mavuno yakiwa mara mbili, tarehe 31 Desemba mkononi una laki tano na kitu, na kikundi kinakudai milioni moja na nusu juu yake riba. Ukijumlisha msimu wote bado hufiki milioni moja na laki mbili. Na wanaokudai ni wanawake mnaokutana kisimani na msibani. Deni la benki linauma, lakini benki haikai mkeka mmoja nawe kwenye arusi.

Usikope. Kwa hili sina "labda". Kama oveni unaitaka sana, ikopee kwa biashara ambayo pesa yake unaipokea mkononi kila siku, kama kuna sambusa unazouza jirani. Na simu uliyonayo inatosha. Ipeleke sahani karibu na dirisha saa nne asubuhi, zima taa, futa kioo cha kamera kwa kitambaa safi maana huwa kina mafuta ya jikoni, upige. Picha nyingi mbaya za chakula zimeharibiwa na balbu ya usiku, si na bei ya simu.

Nije kwenye swali lako la kweli: Novemba ilipanda kwa nini na Januari ikaanguka kwa nini, hali wewe ni yule yule?

Kila msomaji anapofungua ukurasa wako, nafasi ya tangazo huuzwa kwa mnada, haraka kuliko kope kupepesa. Wenye bidhaa wanashindana, anayetoa bei nzuri anaonekana. Wewe una meza tu sokoni, na bei ya meza inategemea wangapi wanaigombea siku hiyo. Nenda Kikuubo, kule kwenye maduka ya jumla ya Kampala, wiki ya pili ya Desemba uone mtu anavyoweza kulipia hata nafasi ya kusimama. Mnadani ni vivyo hivyo, ila wanunuzi wakubwa wako nje. Marekani wana sikukuu ya Shukrani, Alhamisi ya nne ya Novemba, na Ijumaa inayofuata ndiyo Black Friday, halafu Jumatatu yake ni siku ya kununua mtandaoni. Uingereza na Ulaya wameiga. Nchi za Kiarabu nao wana yao: mwaka 2014 duka la mtandaoni la Souq lilianzisha Ijumaa Nyeupe, maana Ijumaa kwa Waislamu haiitwi nyeusi. Wenye maduka huweka kando fungu kubwa la matangazo kwa wiki hizo, na fungu hilo lazima litumike kabla mwaka haujafungwa.

Halafu kuna kitu wengi hawakioni. Bei haipandi mpaka tarehe 25. Ikifika siku kama tano au wiki moja kabla ya Krismasi, duka la mtandaoni halina tena uwezo wa kukufikishia mzigo kwa wakati, basi nalo hupunguza matangazo. Kilele chako kiko kati ya wiki ya tatu ya Novemba na katikati ya Desemba. Januari wanunuzi wamechoka, mafungu mapya ndiyo kwanza yanapangwa, wanaogombea meza yako ni wachache. Wasomaji walewale, bei ndogo. Ndiyo Januari yako. Zile makala mbili ulizofuta zirudishe leo, kwenye anwani zile zile kama tovuti yako inakuruhusu, maana Google ilikuwa imeshazijua.

Ila siyo kila msomaji huleta bei sawa, na hapa nataka uache sufuria kidogo. Ingia AdSense, fungua ripoti ya mapato kwa nchi, chagua Novemba na Desemba za mwaka jana. Sijaiona ripoti yako, lakini nitashangaa nikikuta pesa nyingi zimetoka hapo jirani, Wobulenzi au Luweero. Mwenye duka la Uingereza humlipia msomaji anayekaa Leicester kwa sababu huyo anaweza kununua kesho asubuhi. Na Leicester, kama hukusimuliwa, ndiko walikohamia wengi wa Wahindi wetu waliofukuzwa na Amin mwaka 1972. Walibeba mandazi na mihogo kwenye kumbukumbu, na wapo wazee kule ambao Kiswahili chao ni cha Kampala kabisa. Ongeza mabinti zetu wanaofanya kazi Saudia na Dubai, ambao jioni hujifungia chumbani na simu kutafuta ladha ya nyumbani. Hao ndio dada zako waliokuwa wakikupigia usiku, ila sasa ni wengi.

Ukiona Uingereza au Ulaya ina uzito kwenye ripoti, angalia jambo hili bila kuchelewa. Tangu tarehe 16 Januari 2024 Google inadai kwamba msomaji wa Ulaya au Uingereza aonyeshwe kwanza ujumbe wa kuomba ridhaa yake kuhusu taarifa zake binafsi, kwa chombo kilichoidhinishwa. Usipouweka, matangazo anayoonyeshwa hupungua, na bei nayo. AdSense yenyewe ina sehemu ya faragha na ujumbe, unauwasha humo bila malipo. Kazi ya nusu saa, na hii shemeji anaweza kukusaidia vizuri sana.

Kuhusu shemeji, mwambie kwa adabu, tena mbele ya kaka yake, kwamba umemshukuru. Halafu usifanye hata kimoja.

Kundi la kubofyeana ni kaburi la akaunti. Kubofya matangazo yako mwenyewe, kuwaomba watu wabofye, kubadilishana mibofyo, vyote vimekatazwa, na mashine zinazokagua huona haraka kwamba watu thelathini walewale wanazunguka tovuti thelathini zilezile. Pesa hurudishwa kwa mwenye tangazo, akaunti husimamishwa au kufungwa kabisa, na kuruhusiwa tena ni shida. Zaidi ya hayo ushauri wenyewe umechacha. Novemba 2023 Google ilitangaza kwamba AdSense inaacha kulipa hasa kwa kubofya, na italipa kwa tangazo kuonekana. Kwa hiyo hao wanaobofyeana wanahatarisha shamba kwa ajili ya zao lisilonunuliwa tena. Wasomaji elfu kumi wa dola 20 nao si watu. Ni mashine. Haziwezi kupika gurusa wala kununua sufuria, na mnunuzi wa matangazo anajua.

Matangazo kila mistari miwili? Mwenye kupika ana unga mikononi. Anataka aone viungo na hatua bila kugusa kioo mara kumi. Viwango vinavyofuatwa na Chrome vinasema kwenye simu matangazo yakizidi asilimia 30 ya urefu wa ukurasa ni kero, na kivinjari kinaweza kuyazuia. Tena msomaji wa hapa ananunua bando, na tangu Julai 2021 bando lina ushuru wa asilimia 12 juu yake. Ukurasa mzito unamlia pesa yake halisi ili wewe upate sehemu ya senti. Mimi ningeweka moja chini ya picha ya kwanza, moja kati ya viungo na hatua, moja mwishoni, basi. Pale katikati ndipo mtu hukaa akipanga vitu mezani, na tangazo linaloonekana kwa muda lina thamani kuliko matatu yanayopitwa mbio.

Cha kufanya Oktoba hii ni kuandika, na kuandika mapema. Mapishi ya sikukuu yakiandikwa tarehe 20 Desemba yatasomwa Februari, maana Google inahitaji wiki kadhaa kukufahamu. Andika yale ambayo mtu hutafuta akiwa na pochi mkononi. "Pilau" peke yake inaandikwa na kila mtu. Pilau ya watu hamsini, na kilo ngapi za mchele, nyama na vitunguu, hiyo mtu huitafuta akiwa kesho anakwenda dukani. Keki isiyohitaji oveni, inayookwa kwenye sufuria juu ya mchanga, ambayo mama zetu waliipika kabla hatujajua neno oveni. (Unaona, oveni yenyewe hukuihitaji.) Namna ya kuchagua sufuria nzito, au mizani ya jikoni, au jiko la gesi la kuanzia: ukurasa wa namna hiyo huvuta matangazo ya wauzaji wa vitu hivyo. Usiweke mwaka kwenye anwani ya ukurasa. Mwakani uboreshe ule ule, nguvu yake iendelee.

Na yapange yachapishwe yenyewe kwa tarehe, usiache kazi ya mwisho mkononi. Unakumbuka Januari 2021, uchaguzi ulipofika na intaneti ikazimwa siku kama tano. Tovuti iliyohifadhiwa nje iliendelea kusomwa Leicester, lakini mwenyewe aliye Bombo hakuweza hata kurekebisha kosa la chumvi. Na Facebook hapa kwetu ilifungwa mwezi huo huo, kwa hiyo usitegemee kuwafikia wasomaji wa Uganda kwa njia hiyo.

Kama unataka sente za Desemba ndani ya Desemba, nenda kwa watu wa hapa. Mama anayekodisha viti na masufuria ya arusi, muuza mchele wa Kikuubo anayepeleka mzigo hadi mlangoni, wakala anayesafirisha vifurushi kutoka Dubai kwenda Kampala. Huyu wa mwisho ni mteja wako hasa, maana wateja wake ndio wale mabinti wanaokusoma usiku. Mwonyeshe kwenye simu ni wasomaji wangapi ulionao Saudia na Emirati, umtajie bei kwa shilingi, akulipe kwanza kwa simu ndipo umweke. Tangazo moja la shilingi 150,000 kwa wiki sita ni zaidi ya dola 40, na halingoji tarehe 21 ya mwezi mwingine. Andika wazi kuwa ni tangazo, na kiungo chake kiwekewe alama ya udhamini ambayo Google inaitaka, shemeji atajua. Ukipata watu watatu wa namna hiyo, umeshapita Novemba yako ya mwaka jana kwa mbali. Na uweke daftari, kwa sababu URA, watu wa kodi, hawajali shilingi imetoka Kikuubo au California.

Safari ya Arua mwaka huu ilipie na pesa hiyo ya wakala. Tiketi ikate mapema Desemba, kabla nauli haijapanda.

Halafu Januari ikifika, mapato yakashuka, usifute kitu. Ni mwezi wa kuandika. Ramadhani hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, na miaka hii imefika Februari. Msimu wako wewe hasa ni huo, si Krismasi ya watu wa Marekani: mwezi mzima watu wanatafuta cha kufuturu kila jioni, na wenye maduka ya Ghuba wanatangaza kwa nguvu. Makala za futari ziwe zimeshakaa mahali pake kabla mwezi haujaandama.

Na ombi langu binafsi. Nilijaribu gurusa, nikakuta mtu ameandika "maji kiasi". Binti yangu, kiasi gani? Yangu ilitoka kama uji, nikaila na kijiko. Kama na yako imeandikwa hivyo, weka kipimo cha kikombe, Shangazi arudie Ijumaa.